Kalamu ya msaili ni amana

 

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa watu watano walioketi kumchagua mwalimu wa hesabu wa shule moja inayosimamiwa na Waislamu. Katika waombaji tisa walibaki wawili. Mmoja alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, aliyeingia kwa salamu iliyotimia, akatusomea aya kwa tajwidi na kutufurahisha kwa mazungumzo. Wa pili alikuwa mtu mpole aliyekwisha fundisha hesabu kwa miaka saba. Alijibu kwa maneno machache, macho yake yakiwa mezani na jasho likimtoka. Tulimchukua yule wa kwanza, na mjadala wetu haukufika hata nusu saa.

Majuma mawili baadaye, mama mzazi wa yule wa pili alitungoja nje ya msikiti baada ya sala. Hakuja kwa shari. Alisema, "Sheikh wangu, sikuja kudai nafasi, imeshakwenda kwa mwenye riziki yake. Nataka kujua tu mwanangu alikosa nini, nikamwambie ajirekebishe."

Tulitaka kumjibu, tukakosa la kusema. Hatukuwa tumeandika alama za mtu yeyote. Maswali aliyoulizwa mwanawe hayakuwa yale aliyoulizwa mwenzake. Hatukumpa hata chaki atuoneshe ubaoni namna anavyofundisha. Hoja yetu pekee ilikuwa kwamba yule mwingine alitupendeza. Basi tukamwambia, "Subira, mama, riziki ni ya Allah." Akaitikia "Amin" akaenda zake. Neno lile ni la kweli kabisa, lakini siku ile tulilifanya pazia la kufunikia uzembe wetu.

Tangu hapo tumejibidiisha kusoma yale ambayo wanasaikolojia wameyaandika juu ya usaili wa kazi, na tumeona kwamba ugonjwa uliotupata ni wa zamani na unajulikana. Leo tunapenda kuyaweka baadhi ya hayo mbele ya familia zetu, kwani nyumba nyingi zina kijana anayengoja kuitwa kwenye usaili, na nyingine zina baba au mama anayekaa upande wa pili wa meza, kalamu mkononi.

JICHO NA HUKUMU YAKE

Mwaka 1920, mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari walio chini yao katika mambo mbalimbali: umbo, akili, uongozi na tabia. Aliona jambo la ajabu. Askari aliyesifiwa kwa umbo lake alisifiwa pia kwa akili, kwa uongozi na kwa tabia, kana kwamba mambo hayo manne ni kitu kimoja. Sifa moja iliyong'aa iliyapaka nuru yake mambo mengine yote. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi: tulisikia sauti nzuri ya qiraa, tukadhani tumesikia ujuzi wa hesabu.

Kisa cha pili kilitokea mjini Houston, katika jimbo la Texas. Mwaka 1979 chuo cha udaktari cha huko kilikuwa kimekwisha kuwasaili waombaji wapatao 800 na kuchagua 150 walio bora machoni pa wasaili. Kisha Bunge la jimbo likaagiza chuo kiongeze nafasi 50. Wakati huo waliobaki ni wale waliokuwa mwishoni mwa orodha, na wengi wao hawakuwa wamekubaliwa na chuo kingine chochote. Wakachukuliwa hivyo hivyo. Watafiti waliwafuatilia wote, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Hapakuonekana tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili, darasani, katika mafunzo ya hospitalini, wala katika mwaka wa kwanza wa kazi baada ya kuhitimu. Na sehemu kubwa ya kilichowatenganisha hapo mwanzo ilikuwa ni vile walivyoonekana kwenye usaili. Tafakari, ewe msomaji: madaktari hamsini walikuwa karibu kupotea kwa sababu hawakupendeza kwa saa moja.

Kisa cha tatu kinatisha zaidi. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Marekani, Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanael Peterson, walitoa taarifa ya majaribio yao. Wanafunzi waliombwa kukisia alama ambazo wanafunzi wenzao wangepata katika muhula. Walipewa alama za nyuma za wenzao hao, na wengine wakaruhusiwa pia kuwasaili. Waliosaili walikosea zaidi kuliko kama wangetegemea zile alama za nyuma peke yake. Kisha baadhi ya wasailiwa waliagizwa kwa siri wajibu kwa kubahatisha, kufuatana na herufi za maneno ya swali, bila kujali ukweli. Wasaili hawakutambua. Waliondoka wakiamini kwamba wamemfahamu mtu, ilhali majibu waliyoyapata yalikuwa ya bahati nasibu.

Hapa pana funzo kubwa. Akili ya mwanadamu haipendi kubaki bila kisa. Ikipewa vipande visivyo na maana, huviunganisha na kujitungia mtu kamili, kisha ikamwamini mtu huyo iliyemtunga. Anayesema "mimi nikimtazama mtu dakika tano namjua" hasemi uongo kwa makusudi. Ana yakini ya kweli. Lakini yakini ni kitu kimoja na ujuzi ni kitu kingine.

JINA LINALOTANGULIA MTU

Hayo ni makosa ya mtu asiyekuwa na nia mbaya. Yako mengine ambayo mlango hufungwa kabla mwombaji hajauona uso wa msaili.

Mwaka 2004, wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti uliofanyika katika miji ya Boston na Chicago. Walituma karibu barua 5,000 za maombi ya kazi zenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa ni majina. Yale yanayosikika kuwa ya Wazungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Miongoni mwa majina ya kundi hilo la pili yalikuwamo Aisha, Jamal, Hakim, Kareem na Rasheed. Wazazi wanaoita watoto wao majina hayo kwa mapenzi na dua hawakujua kwamba wanawaandikia pia kizuizi.

Yupo atakayesema kwamba hiyo ni rangi, haihusiani na dini. Basi na tutazame Ufaransa. Watafiti Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort walibuni waombaji wawili wa kike, wote wenye jina la ukoo Diouf, la asili ya Senegal, elimu yao sawa na uzoefu wao sawa. Mmoja akaitwa Marie, na wasifu wake ukaonesha kwamba amejitolea katika shirika la misaada la Kikatoliki. Wa pili akaitwa Khadija, na wasifu wake ukataja shirika la misaada la Kiislamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionesha kwamba nafasi ya Khadija kuitwa kwenye usaili ilikuwa ndogo mara mbili na nusu kuliko ya Marie. Rangi yao ilikuwa moja na asili yao moja. Kilichowatofautisha ni dini tu.

Nchini Ujerumani, Doris Weichselbaumer alituma maombi yenye picha ya mwanamke mmoja yule yule. Alipotumia jina la Kijerumani aliitwa katika maombi 19 hivi kwa kila 100. Alipotumia jina la Kituruki aliitwa katika 13 au 14. Alipoliweka jina hilo la Kituruki na picha aliyovaa hijabu, aliitwa katika 4 tu. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla yake, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa majaji wanane dhidi ya mmoja kwamba kampuni moja ya nguo ilikosea katika kesi ya binti wa Kiislamu aliyefaulu usaili wake mwaka 2008, kisha akanyimwa kazi kwa sababu ya mtandio wake. Mahakama ilisema mwajiri hawezi kukwepa sheria kwa kudai kwamba mwombaji hakutamka wazi kuwa amevaa kwa ajili ya dini.

Tunayataja haya si kwa ajili ya kuchochea chuki, maana utafiti mwingine unatuzuia kuwahukumu watu wote kwa pamoja. Patrick Kline na wenzake walituma maombi yapatayo 83,000 kwa makampuni makubwa ya Marekani, na mwaka 2022 wakaripoti kwamba ubaguzi wa rangi haukuenea sawasawa. Karibu nusu ya nafasi zilizopotea zilitokana na moja ya tano tu ya makampuni. Kwa hiyo wapo waajiri wengi wanaojitahidi kuwa waadilifu, na tofauti yao na wenzao haiko katika damu yao bali katika mwenendo wao. Mwenendo hurekebishika.

SISI TUKISHIKA KALAMU

Lililo zito zaidi ni swali hili: je, tunapokaa sisi upande wa pili wa meza, tunafanyaje? Ni rahisi kulia kwa ajili ya Khadija wa Paris. Lakini duka la Muislamu, zahanati ya Muislamu na shule ya Waislamu navyo huajiri. Ni mara ngapi swali la kwanza huwa "huyu ni mtoto wa nani"? Ni mara ngapi nafasi hutangazwa ilhali mpwa wa mjumbe amekwisha kupimiwa sare?

Sheria za nchi zetu zimeliona jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokataza ubaguzi kwa misingi ya dini, kabila, jinsia, ulemavu na mengineyo, na inamhesabu mwombaji wa kazi kuwa ni mwenye kulindwa kama alivyo mwajiriwa. Kenya ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayomkinga hata yule ambaye bado hajaajiriwa, na sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa kitaifa inayozuia taasisi ya umma kujaza zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja. Lakini sheria huingia mahali penye ushahidi. Katika jopo lisiloandika kitu, kama lilivyokuwa letu, hakimu angekamata nini?

Dini yetu ilitangulia kulisema hili. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), na anataja vigezo viwili: nguvu ya kuiweza kazi, na uaminifu. Hakutaja ukoo wake wala sura yake. Na tuangalie alijuaje. Alikuwa amemwona akiwanywesheza wanyama wao kisimani, kabla neno la ajira halijatajwa. Alihukumu kwa kazi aliyoishuhudia. Nabii Yusuf (A.S.) naye, alipoomba kusimamia hazina ya Misri, alitaja sifa zinazohusu hazina: kuhifadhi na kujua.

Amepokea Imamu Muslim kwamba Abu Dharr (R.A.) alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe madaraka, na Mtume akamgusa begani akamweleza kwamba yeye ni dhaifu katika jambo hilo, na kwamba madaraka ni amana. Abu Dharr alikuwa kipenzi chake, mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Mapenzi hayo hayakumpatia kazi isiyomfaa. Basi sisi tunapata wapi ruhusa ya kumpa mpwa wetu?

Na ipo habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) iliyopokewa na Al-Bayhaqi, ambayo tungependa ibandikwe katika kila chumba cha usaili. Mtu mmoja alitoa ushahidi mbele yake, Umar akamwambia hamjui, alete anayemjua. Akasimama mwingine kumdhamini, akisema ni mwadilifu na mwema. Umar akamuuliza: je, ni jirani yako wa karibu, unayejua usiku wake na mchana wake? Akajibu hapana. Je, umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Je, umesafiri naye? Hapana. Umar akamwambia kwamba basi humjui. Katika baadhi ya mapokezi, Umar aliongeza kwamba yamkini yule mdhamini amemwona tu akiinua na kuinamisha kichwa msikitini.

Subhanallah! Hakusema kwamba sala haina maana. Alisema kwamba kumwona mtu akisali si kumjua katika fedha. Maswali yake matatu yote yaliuliza matendo yaliyokwisha kutendeka mahali penye mtihani. Karne nyingi baadaye, watafiti wamefika karibu na mlango huo huo.

NINI KIFANYIKE

Mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walizikusanya upya tafiti za miaka mingi juu ya njia za kuchagua wafanyakazi, wakazipima kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kupatia bila kosa. Usaili wa mazungumzo huria, ule wa "hebu tueleze habari zako", ulipata 0.19. Miaka ya uzoefu kwa kuihesabu tu ilipata 0.07. Usaili uliopangwa, wenye maswali yale yale kwa wote na alama zilizoandikwa, ulipata 0.42, nao ukawa wa kwanza katika orodha. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kulipata 0.33. Si ukamilifu, kwani ghaibu ni ya Allah peke yake. Lakini mwenye taa ndogo hana udhuru wa kutembea gizani.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye kuajiri, wakubwa kwa wadogo, mambo manne. Kwanza, andikeni mahitaji ya kazi kabla ya kusoma jina la mwombaji yeyote, la sivyo mtayakata mahitaji kwa kipimo cha mtu mnayemtaka. Pili, waulizeni wote maswali yale yale, na yawe juu ya matendo: tueleze siku mwanafunzi alipokushinda kumfahamisha, ulifanya nini? Tatu, mpeni kazi mkononi: mwalimu afundishe, fundi ashone, karani apange hesabu za mwezi. Nne, kila msaili aandike alama zake peke yake kabla ya kumsikia mwenyekiti, maana mkubwa akishasema, wengine huitikia.

Wako wanaopendekeza majina yafichwe katika barua za maombi. Ni wazo jema, lakini si dawa ya kila mgonjwa. Ufaransa iliwahi kujaribu hivyo, na ikaonekana kwamba makampuni yaliyokubali kushiriki yalikuwa tayari na moyo wa kuwafikiria wanyonge. Majina na anwani zilipofichwa, wanyonge wale wakapungukiwa na nafasi ya kuitwa. Kila taasisi na ijichunguze kwanza inaumwa wapi.

Kwa upande wa vijana wetu na wazazi wao: mwandalieni mtoto matendo ya kusimulia. Kijana aliyesimamia darasa la madrasa, aliyetunza daftari la duka la baba yake, aliyepanga safari ya wanafunzi, ana jibu ambalo ufasaha mtupu haulipi. Mfundisheni kutazama watu usoni na kusema kwa utulivu, kwani woga si aibu lakini hupungua kwa mazoezi. Asidanganye katika vyeti, asinunue nafasi, maana mshahara wa kila mwezi utakuwa na doa. Na binti asishawishiwe kuvua mtandio wake wala mtoto kubadili jina lake. Akikataliwa, asikimbilie kusema nimebaguliwa, wala asinyamaze akiwa na dalili zilizo wazi. Aulize kwa adabu alipungukiwa na nini. Hiyo ni haki yake.

Hilo ndilo swali alilotuuliza yule mama. Yule kijana tuliyemchagua alikuwa mtu mwema na hodari wa Qur'ani, lakini hesabu ilimshinda. Aliondoka mwaka wa pili, na watoto wa darasa lile wakaingia mtihani wakiwa na mapengo ambayo hawakuyasababisha wao. Siku moja tulimfuata yule mama nyumbani kwake, tukamwambia ukweli: "Mama, mwanao hakukosa kitu. Tuliokosa ni sisi." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimesamehe, Sheikh. Lakini mngeniambia siku ile, asingelala miezi akijidharau."

Maneno hayo tunayo hadi leo. Anayekosa kazi kwa haki hupoteza kazi. Anayekosa kwa dhulma isiyo na maelezo hupoteza kazi na kujiamini pamoja, na jambo la pili halilipiki kwa urahisi. Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya kila amana tuliyoishika, hata ile kalamu ya nusu saa.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe waadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu, awafungulie vijana wetu milango ya halali, na awasamehe wote tuliowadhulumu kwa kujua na kwa kutojua. Wabillahi tawfiq.